Huyu Shufflebottom ni nani? Asili ya jina la Kizungu lililotuchekesha kafe

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na yale mambo ya simu za mchina, lakini itabidi msubiri kidogo. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Jumamosi ya juzi na nimekula saa kama tisa za kafe kukisaka, hela yangu mwenyewe, kwa hiyo leo mtakisoma mpende msipende.

Ilianza hivi. Tulikuwa kafe, vijana kama sita tumebanana kwenye kompyuta mbili, ubishi ni ule ule wa mpira. Mmoja akasema England haijawahi kuwa na kocha wa maana toka dunia iumbwe. Mwingine akasema ngoja tuone listi yao yote toka wa kwanza. Kufungua tu, jina la juu kabisa: Walter Winterbottom, 1946 hadi 1962. Jamani! Kafe nzima ilicheka mpaka yule dada wa kaunta akatuambia tupunguze sauti au tulipe tuondoke. Maana kwa Kiingereza tulichofundishwa darasani, winter ni majira ya baridi, na bottom... ni pale unapokalia. Makalio ya Baridi! Kocha wa timu ya taifa!

Basi tukaanza kusaka mengine ya ukoo huo. Ramsbottom. Sidebottom. Higginbottom. Longbottom, huyo wanaoangalia Harry Potter wanamjua, yule dogo Neville. Halafu tukakutana na mfalme wao: Shufflebottom. Shuffle ni kutembea kwa kuburuza miguu. Hapo mshkaji wangu mmoja alidondoka kwenye kiti kabisa.

Nami nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote. Mpaka mmoja akanigeukia akasema, "Na wewe Mgongo nawe unacheka?"

Kicheko kikahamia kwangu. Ya Mgongo nitawaelezea mbele huko. Kwanza nilitaka kujua hawa Wazungu walikubalije kuitwa hivyo, mababu zao walikosa nini. Kumbe hawakukosa kitu. Sisi ndio tulikuwa hatujui Kiingereza, na Waingereza wenyewe wengi hawakijui hicho cha zamani.

Twende taratibu. Neno bottom kwenye Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, liliandikwa botm au bothm, na maana yake ilikuwa sehemu ya chini ya kitu. Kwa watu wanaokaa milimani, sehemu ya chini ni bonde. Basi. Winterbottom ni bonde la majira ya baridi, mahali ambapo wachungaji walishusha mifugo baridi ikizidi kule juu. Longbottom ni bonde refu. Sidebottom ni bonde pana, kwa sababu neno side hapo sio "pembeni" tunayoijua, ni neno la kale lenye maana ya upana. Rowbottom ni bonde la mawe na vichaka, lisilolimika vizuri. Higginbottom inaelezwa kutoka Oakenbottom, mahali karibu na mji wa Bolton, yaani bonde la mialoni. Ramsbottom wataalamu wanagawanyika: kuna wanaosema ni bonde la kondoo dume na kuna wanaosema ni bonde la kitunguu saumu mwitu, ambacho kwa neno lao la zamani kiliitwa hramsa. Mji wa Ramsbottom upo mpaka leo, kandokando ya mto Irwell, kaskazini ya Bury. Wana na mashindano yao ya kurusha soseji za damu, eti ya dunia. Wazungu nao!

Tafsiri hiyo kwa Kiswahili inakuwa jina la kawaida kabisa. Sisi hatuna Bondeni kila mji? Na Wabondei wa Muheza si wameitwa hivyo kwa ajili ya bonde? Hakuna mtu anayewacheka.

Sasa Shufflebottom. Hili ndilo lililonimalizia muda. Halina uhusiano wowote na kuburuza miguu. Kuna mahali huko Lancashire, upande wa Bury, palipoitwa Shipperbottom, na ukirudi nyuma zaidi jina lilikuwa na vipande vitatu: kondoo, maji, na bonde. Hayo maji kuna wanaosema ni chemchemi au kijito cha kondoo, kuna wanaosema ni mahali pa kuoshea kondoo kabla ya kukata sufu. Vyovyote iwavyo, ni bonde lenye maji ya kondoo. Mtu aliyetoka hapo akihamia kijiji cha jirani aliitwa fulani wa Shipperbottom, kama sisi tunavyosema Juma wa Bondeni, ili asichanganywe na Juma mwingine.

Sasa shipper ikawaje shuffle? Hapa ndio penye utamu. Mtu huyo na watoto wake walihama. Walikofika hakuna aliyekuwa akikijua hicho kibonde. Neno likibaki halina maana masikioni, ulimi wa watu unalitafutia maana. Karani au padri anasikia kitu kama "shippalbottom", hakielewi, anaandika kinachofanana na neno analolijua. Ndio maana leo una Shufflebottom, Shufflebotham, Shovelbottom, Shoebottom na hao hao Shipperbottom, na wote hao mzizi wao ni kibonde kimoja cha kondoo. Shovel ni koleo, shoe ni kiatu. Hakuna koleo wala kiatu hapo, ni makarani tu.

Na makarani hao hawakuwa wajinga, isije mkafikiri hivyo. Karne hizo maneno ya Kiingereza hayakuwa na tahajia moja, achilia mbali majina. Shakespeare mwenyewe zimebaki saini zake 6, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa herufi kama tunavyoliandika jina lake leo. Kama huyo aliyekuwa akila kwa kalamu hakujali, mchunga kondoo asiyejua kusoma angejali vipi? Alisema jina lake, likaandikwa, akaweka alama ya msalaba, akaenda zake.

Mtauliza, majina ya ukoo yenyewe yalianza lini? Uingereza ya kale watu walikuwa na jina moja tu. Baada ya Wanormani kuvamia kutoka Ufaransa mwaka 1066, wakubwa walianza kujiita kwa majina ya mashamba na ngome zao, na desturi ikashuka polepole kwa watu wa kawaida, kusini ikawahi, kaskazini ikachelewa. Serikali nayo ilitaka kodi. Ile kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381 (ya mwisho ilileta maasi makubwa ya wakulima) ililazimu watu kuandikwa mmoja mmoja, na huwezi kudai kodi kwa Yohana kama kijiji kina akina Yohana kumi na mbili. Mwaka 1538, enzi za Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Usajili wa kiserikali wa vizazi na vifo ukaanza mwaka 1837. Kwa hiyo mtu mwenye jina adimu anaweza kulifuata kwenye makaratasi hayo nyuma miaka mia nne, mia tano, wengine zaidi.

Majina yao mengi yana mitindo minne. Kazi: Smith mhunzi, Taylor fundi cherehani. Jina la baba: Johnson, mtoto wa John. Jina la utani: Armstrong, mwenye mkono wa nguvu. Na mahali. Mitindo mitatu ya kwanza inazaa majina makubwa, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi na kila kijiji kilikuwa na John. Ndio maana akina Smith Uingereza wamepita nusu milioni na wengi hawana undugu wowote. Lakini kibonde cha maji ya kondoo kipo kimoja tu. Jina likianzia hapo, limeanza na familia moja, labda mbili.

Na kwa nini haya ya mabonde yamejaa Lancashire, Cheshire, Derbyshire na Yorkshire tu, kusini huyakuti sana? Angalia ramani. Katikati ya kaskazini ya England kuna safu ya milima inaitwa Pennines. Kule watu hawakukaa kwenye vijiji vikubwa vilivyobanana kama kusini, walikaa mashamba ya mbalimbali, familia hii bonde hili, familia ile bonde lile. Shamba lilikuwa ndio anwani. Kila shamba likawa kiwanda cha jina. Watu wa mpira mnamkumbuka Brian Clough aliyeipa Nottingham Forest kombe la Ulaya 1979 na 1980? Clough ni korongo, bonde lenye kingo kali. Na Nigel Winterburn, beki wa kushoto wa Arsenal miaka ya 1987 hadi 2000? Winterburn ni kijito kinachotiririka majira ya baridi tu, kiangazi kinakauka. Hata Ian Botham wa kriketi ni wa mabonde hayo hayo, botham na bottom ni neno moja. Mzee Walter Winterbottom naye alizaliwa Oldham, Lancashire, mwaka 1913, chini ya hiyo milima.

Kwa kuwa tulimcheka sana acha nimtendee haki kidogo. Aliipeleka England Kombe la Dunia mara nne mfululizo, 1950, 1954, 1958 na 1962. Ndiye alikuwa kocha walipofungwa 1-0 na Marekani kule Brazil mwaka 1950, na ndiye alikuwepo Hungary walipokuja Wembley Novemba 1953 wakawapa 6-3. Lakini msikimbilie kulaumu. Wakati huo wachezaji walichaguliwa na kamati ya chama cha soka, yeye anakabidhiwa tu timu, cheza nayo. Nadhani tunaijua hiyo hali.

Turudi kwenye makalio. Swali langu lilikuwa: mbona hawakuona aibu toka mwanzo? Jibu ni kwamba mwanzo hakukuwa na aibu. Bottom kwa maana ya sehemu ya mwili ya kukalia inaonekana kwenye maandishi mwishoni mwa karne ya 18. Winterbottom na Shufflebottom walikuwa wameshakaa na majina yao karne nne au tano hivi. Shakespeare ana mchezo ambao mle ndani kuna fundi mfumaji anaitwa Bottom, anageuzwa kichwa kuwa cha punda (Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huu hakuugusa), na jina lake linahusu kile kitu cha kuzungushia uzi wa kufumia, ambacho nacho kiliitwa bottom. Yaani ni utani wa kiufundi.

Na kabla hamjasema Wazungu wana mambo, hebu tujiangalie. Kiswahili kimefanya kitu hicho hicho. Tunasema kitako cha chungu, kitako cha sufuria, tako la bunduki, na hakuna anayecheka. Mgeni akija tunamwambia kaa kitako. Halafu neno hilo hilo ukilitamka vingine mbele ya bibi yako unakula kofi. Chini ya kitu, chini ya mtu. Bahati yetu tu hatukuwapa watu majina ya ukoo kutoka huko.

Maana ya neno ilipogeuka, wenye majina walianza kuhangaika. Wengine walibadili mwisho ukawa -botham, iwe haionekani sana. Wengine walitamka kwa madaha ili isisikike. Wengine walilitupa kabisa. England kubadili jina sio kazi, sheria yao inakuruhusu kuitwa unavyotaka ilimradi hudanganyi mtu kwa wizi, unaandika hati unaisaini mbele ya mashahidi imetoka hiyo. Mwaka 2009 vyombo vya habari viliandika kazi ya profesa Richard Webber wa King's College London, aliyelinganisha majina ya sensa ya 1881 na ya mwaka 2008. Akina Shufflebottom walikuwa wamepungua kwa asilimia 40 hivi. Akina Smellie, ambalo masikioni linasikika kama "anayenuka", asilimia 70. Cock, yaani jogoo, ambalo kwa Kiingereza cha mtaani lina maana nyingine nisiyoweza kuiweka hapa, walitoka 3,211 wakabaki 785. Hata akina Death, ndiyo, Kifo, walitoka 1,133 wakabaki 605.

Kumbukeni wakati huo watu wa nchi waliongezeka maradufu. England, Wales na Scotland mwaka 1881 walikuwa karibu milioni 30, sasa wamepita milioni 65. Kwa hiyo jina likibaki palepale tu tayari limekufa nusu. Likipungua asilimia 40, hesabu mwenyewe.

Lakini aibu sio sababu pekee, na hapa mimi nilikuwa nimeshajenga hoja yangu yote juu ya aibu mpaka nikakutana na mzee Francis Galton. Huyu alikuwa binamu wa Charles Darwin, na mwaka 1873 alitupa swali gazetini: kwa nini majina ya koo, hata za wakubwa wenye mali, yanakufa? Mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry Watson, akajibu, na mwaka 1874 wakaandika pamoja. Hesabu yenyewe kwa lugha ya kijiweni ni hii. Jina la ukoo kwao linabebwa na mtoto wa kiume. Tuseme kila mwanaume kwa wastani anapata mtoto mmoja wa kiume anayekua akaoa. Wastani! Maana yake mmoja anapata watatu, mwingine hapati hata mmoja, wengine mabinti watupu. Ukiiachia bahati, zaidi ya theluthi ya wanaume hao watamaliza bila mtoto wa kiume. Kizazi cha kwanza tu. Kizazi cha pili wanapunguzwa tena. Kama jina lilianza na wahunzi elfu tano, Smith haoni kitu. Kama lilianza na mchunga kondoo mmoja na wana wawili, baridi moja mbaya, tauni moja, mabinti watupu kizazi kimoja, kwisha. Watson alienda mbali akasema majina yote lazima yafe mwishowe, na hapo alikosea, maana wastani ukizidi mmoja kuna yanayopona. Lakini yaliyo mengi ya asili moja yalishakufa zamani bila mtu kuyacheka wala kuyabadili. Shufflebottom kufika hapa lilipofika ni ushindi, jamani.

Na kuna ushahidi wa damu. Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling walichukua vinasaba vya wanaume wenye majina 40 tofauti ya Kiingereza na mwaka 2009 wakatoa majibu. Kromosomu ya Y inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, njia ile ile ya jina, kwa hiyo ukizilinganisha unajua kama wenye jina moja wana babu mmoja. Akina Smith walikuwa kama watu uliowaokota stendi, hakuna kinachowaunganisha. Majina adimu, tofauti kabisa. Akina Attenborough, yaani ukoo wa jina la yule mzee wa filamu za wanyama aliyekaa katikati ya magorila kule Rwanda mwaka 1978, karibu asilimia 87 ya wanaume waliopimwa walikuwa na aina moja ya kromosomu hiyo. Babu mmoja. Hao wachache waliobaki ni mambo ya kawaida ya kibinadamu: mtoto wa kulelewa, mtoto aliyechukua jina la mama, na... mnajua wenyewe. Huyo huyo Turi King ndiye alipima mifupa ya mfalme Richard wa Tatu iliyochimbwa chini ya maegesho ya magari Leicester mwaka 2012, na hata kwenye ukoo wa kifalme ule mstari wa baba ulikutwa umekatika mahali. Kama kwa wafalme umekatika, mtaani tusemeje.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka kabisa. Mtu anaitwa Shoebottom yupo Kanada, mwingine anaitwa Shipperbottom yupo Bury. Wakikutana hawatajuana kwamba jina limewatoka kibonde kimoja. Waliotenganishwa na nini? Na wino.

Sasa ile habari ya Mgongo.

Jina la ukoo wetu ni Mng'ong'o. Ni mti, na babu alikuwa akituambia mkubwa wa ukoo alizikwa chini yake, ndio tukaitwa hivyo. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa vizuri, vile viapostrofi viwili vyote vipo. Nilipokuwa darasa la saba, mwaka wa kuandikishwa kwa mtihani, mwandikishaji alikuja na mafaili yake, hakuwa mtu wa kwetu, akaniuliza jina. Nikamwambia. Akaandika Mgongo. Sikuiona ile karatasi. Hata ningeiona nilikuwa na miaka kumi na nne, ningemwambia nini mtu mzima mwenye kalamu? Nimefanya mtihani kama Mgongo, nimeingia sekondari kama Mgongo, wenzangu wakapata cha kutania miaka minne, na cheti cha kidato cha nne kimetoka Mgongo. Mti ukawa kiungo cha mwili. Kama hamjaona kinachofanana na Shufflebottom hapo basi rudieni kusoma kuanzia juu.

Kwa Shufflebottom ilikuwa utani, kwangu imekuwa hela. Mwaka jana nilipata nafasi kwenye chuo kimoja, nikaenda na vyeti vyangu, wakaviangalia, wakanirudishia. Hawa ni watu wawili, wakasema. Lete uthibitisho. Baba alienda mwenyewe kunisemea, mzee wa watu, na koti lake. Akaambiwa, "Mzee wangu, sisi tunafuata karatasi." Nafasi ikapita.

Basi wiki iliyopita, baada ya hizo saa tisa za kafe, nikamwomba mama mdogo hela, nikaenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba Mgongo na Mng'ong'o ni mtu mmoja. Wakili mwenyewe alicheka. Nikamwambia kuna watu wanaitwa Shufflebottom. Akacheka zaidi, lakini akapunguza kidogo bei.

Jumatatu nimekaa kafe kujaza fomu upya ya muhula ujao. Nikaandika jina langu kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kompyuta ikakataa. Ikaniandikia kwa maandishi mekundu kwamba kwenye jina hairuhusiwi alama yoyote zaidi ya herufi. Nikajaribu mara tatu. Dada wa kaunta akaja kuangalia, akasema wote wenye ng' wanapatwa na hilo, we toa tu hivyo vidoti uendelee. Nikaviondoa. Ikapokea Mngongo, ambalo sio la cheti cha kuzaliwa wala sio la cheti cha sekondari, sasa yamekuwa matatu.

Mdogo wangu naye yuko kidato cha pili, na yeye aliandikwa Mgongo. Nimemwambia awahi kurekebisha kabla ya mtihani. Amesema hana hela ya wakili, na shuleni wameshamzoea, yeye anabaki hivyo hivyo.